Jinsi ya kutembelea hifadhi na alama za kihistoria za Marekani ukaelewa unachokiona

Kazi yangu ni udereva wa lori, na barabara kuu za Marekani nimezipita sana: I-90 kule South Dakota, I-40 inayokatiza jangwa la Arizona, I-65 inayoshuka Kentucky kwenda Tennessee. Pembeni mwa barabara hizo kuna vibao vya rangi ya kahawia. Vya kijani ni vya miji na umbali, vya buluu ni vya mafuta, chakula na malazi, na vya kahawia vinakuelekeza kwenye hifadhi na mahali pa kihistoria. Ukiwa unavuta tela la futi 53 huwezi kukifuata kibao cha kahawia. Njia za huko ni nyembamba, na Yellowstone, kwa mfano, hairuhusu magari ya mizigo kukatiza ndani. Kwa hiyo nikipata likizo narudi na gari dogo, mke wangu na watoto, na mara kwa mara wageni waliokuja kututembelea. Haya ndiyo ninayowaeleza wageni hao kabla hatujawasha gari.

Neno la kwanza ni hili: usiende kuangalia pori tupu, kwa sababu halipo. Kila mahali penye kibao cha kahawia pana habari za ardhi na habari za watu, na mara nyingi habari za watu zimeandikwa kwa herufi ndogo, kwenye kibao kilichowekwa kando ya maegesho. Kwa hiyo popote utakapofika, uwe na maswali mawili mkononi. Ardhi hii ilifanywaje ikawa hivi? Na nani alikuwa hapa, akiishi au akifanya kazi, kabla lango halijawekwa? Usiondoke bila majibu ya yote mawili.

Angalia cheo cha eneo kabla ya kupanga safari

Mamlaka ya hifadhi za taifa iliundwa tarehe 25 Agosti 1916, na leo inasimamia maeneo zaidi ya 400. Kati ya hayo, 63 tu ndiyo yenye cheo cha hifadhi ya taifa, na cheo hicho hutolewa na Bunge. Mengine ni viwanja vya vita, nyumba za watu mashuhuri, makaburi, ngome na fukwe. Zipo pia kumbukumbu za taifa, ambazo rais anaweza kuzitangaza kwa saini yake mwenyewe chini ya sheria ya mambo ya kale ya mwaka 1906. Theodore Roosevelt aliitumia sheria hiyo kwanza kwa mwamba wa Devils Tower huko Wyoming, Septemba mwaka huohuo. Grand Canyon aliilinda kwa njia hiyo mwaka 1908, na Bunge likaja kuipa cheo cha hifadhi mwaka 1919.

Cheo kinakusaidia kupanga. Hifadhi ya taifa inataka siku nzima au zaidi, gari lenye mafuta, na mara nyingi nafasi ya kulala uliyoiwekea oda miezi kadhaa kabla. Eneo la kihistoria linaweza kuwa nyumba moja, saa mbili, na mhifadhi mmoja anayeijua habari yake mpaka kwenye mizizi. Wageni wengi hukimbilia zile 63 kwa sababu ndizo zenye picha maarufu, kwa hiyo kwenye yale mengine hakuna foleni, na mengi hayana kiingilio. Mimi ninayapenda mno hayo mengine.

Ukifika, nenda kwanza kituo cha wageni. Chukua ramani ya karatasi, kwa kuwa mtandao wa simu hupotea ukishaingia ndani, na pakua programu ya mamlaka ya hifadhi ukiwa bado nyumbani ili ifanye kazi bila intaneti. Kisha zungumza na mhifadhi. Usimwulize sehemu gani ina mandhari nzuri. Atakutajia zilezile tano anazomtajia kila mtu. Mwulize: "Ni kitu gani hapa ambacho watu hukipita bila kukiona?" Swali hilo huwafungua. Ukiwa na watoto, waombee kijitabu cha wahifadhi wadogo. Wakikijaza huapishwa na kupewa beji, na ili wakijaze itabidi nawe usome vibao vyote pamoja nao.

Anzia Mammoth Cave, Kentucky

Mgeni akiniuliza aanzie wapi, namtajia pango hili, maana maswali yote mawili yanajibiwa ndani yake ukiwa unatembea. Unatoka I-65 karibu na mji wa Cave City. Hakuna kiingilio cha hifadhi. Unachonunua ni tiketi ya kuongozwa ndani, na wakati wa kiangazi tiketi huisha mapema, kwa hiyo ikate kwenye Recreation.gov wiki kadhaa kabla. Beba sweta hata kama nje jua linachoma, kwa sababu ndani ni nyuzi 12 hivi za Selsiasi mwaka mzima. Na angalia saa yako: hifadhi inafuata saa za Kati, ilhali Louisville wanafuata saa za Mashariki.

Tuanze na ardhi. Miamba ya pango ni ya chokaa, mabaki ya viumbe wa bahari ya kina kifupi iliyokuwepo hapo zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita. Maji ya mvua yanapopita kwenye udongo huchukua hewa ya kaboni na kuwa na ukali kidogo, na ukali huo huila chokaa polepole. Green River ulivyozidi kuchimba bonde lake, maji ya chini ya ardhi nayo yalishuka, yakiacha njia za juu zikiwa kavu na kuanza kuchonga nyingine chini yake. Juu ya chokaa limelala tabaka la jiwe la mchanga lisilopitisha maji kwa urahisi, na hilo ndilo paa. Ndiyo sababu sehemu kubwa ya pango ni kavu na bado imesimama. Njia zilizokwisha kupimwa ni zaidi ya kilomita 680, na hakuna pango jingine linalojulikana duniani lenye urefu huo.

Sasa watu. Maelfu ya miaka iliyopita wenyeji waliingia kilomita nyingi ndani wakimulika kwa mienge ya mabua, wakikwangua madini ukutani. Masizi na vipande vya mabua yao bado vipo. Wakati wa vita vya mwaka 1812, kati ya Marekani na Uingereza, watumwa walifanyishwa kazi ya kuchenjua udongo wa pango ili kupata malighafi ya baruti. Mabomba ya mbao waliyoyatumia utayaona kwenye matembezi ya kihistoria, na ukavu wa hewa umeyatunza vizuri sana.

Halafu akaja Stephen Bishop. Mwaka 1838 mwanasheria Franklin Gorin, aliyekuwa amelinunua pango, alimleta kijana huyu mtumwa, umri wake miaka 17 hivi, awe kiongozi wa wageni. Mwaka huohuo Bishop alivuka shimo lililokuwa limewazuia wageni wote, liitwalo Bottomless Pit, kwa kutambaa juu ya ngazi iliyolazwa kutoka ukingo hadi ukingo, akimulikiwa na taa ya mafuta. Ng'ambo akakuta mito, samaki wasio na macho, na njia nyingine zisizohesabika. Mwaka uliofuata pango likauzwa kwa daktari John Croghan, na Bishop akauzwa pamoja nalo. Mwaka 1842 alichora ramani ya pango kutoka kichwani, na ikachapishwa ikiwa na jina lake. Fikiria hilo: mtu ambaye kisheria alikuwa mali ya mwingine, jina lake likatangulia kwenye ramani ya sayansi. Aliachwa huru mwaka 1856 na kufariki mwaka 1857. Kaburi lake liko ndani ya hifadhi, na unalifikia kwa miguu kutoka kituo cha wageni. Nenda, ni karibu.

Ukiwa ndani, inua macho uangalie dari. Wageni wa karne ya 19 waliandika majina yao kwa moshi wa mshumaa, na viongozi watumwa nao waliandika yao. Mwombe kiongozi wako akuonyeshe jina la Bishop kama njia yenu inapita hapo. Ziko pia nyumba mbili za mawe zilizobaki kutoka kwenye jaribio la Croghan: mwaka 1842 aliwaweka wagonjwa wa kifua kikuu pangoni akitumaini hewa yake ingewaponya. Haikuwaponya, baadhi walifia humo humo, na yeye mwenyewe aliuawa na ugonjwa huohuo mwaka 1849.

Ukitoka utapitishwa juu ya mikeka yenye maji ya sabuni. Usiiruke. Kuna ugonjwa wa ukungu unaowaota popo puani, umeua mamilioni yao Amerika ya Kaskazini, na mbegu za ukungu huo husafiri kwenye viatu. Viatu ulivyovivaa kwenye pango jingine viache nyumbani.

Grand Canyon: tembea kwanza juu, ndipo ufikirie kushuka

Ukisimama ukingoni kwa mara ya kwanza, macho hayajui pa kushika. Korongo lina urefu wa kilomita 446, kina cha zaidi ya kilomita moja na nusu, na upana unaofika kilomita 29 mahali pengine. Watu wengi hupiga picha, hukaa dakika chache, huondoka. Wewe nenda kwenye makumbusho ya jiolojia ya Yavapai, ukingo wa kusini, halafu uifuate kwa miguu njia iitwayo Trail of Time kuelekea kijijini. Ni njia tambarare, hata mzee anaiweza. Kila mita moja unayotembea ni miaka milioni moja, na kila baada ya mita 10 kuna alama ya shaba chini. Pembeni yamewekwa mawe yaliyotolewa kwenye matabaka ya korongo, kila moja mahali pa umri wake, na unaruhusiwa kuyagusa. Yaguse. Jiwe la juu kabisa la korongo, chokaa la Kaibab, utalikuta baada ya mita 270. Yale meusi ya chini kabisa, karibu na mto, utayafikia ukiwa umetembea karibu kilomita mbili. Hapo ndipo utaelewa kwa miguu yako kwamba mawe ni makongwe, lakini korongo lenyewe ni jipya: mto Colorado ulilichimba ndani ya miaka milioni tano au sita tu iliyopita, yaani hatua zako chache za mwanzo.

Swali la pili hapa lina jibu linaloumiza. Wahavasupai, wenyeji wa korongo hili, walilima kwenye chemchemi iliyo katikati ya njia ya Bright Angel kabla hifadhi haijawepo. Wa mwisho wao aliondolewa pale mwaka 1928. Bunge liliwarudishia sehemu ya ardhi yao mwaka 1975, na mwaka 2022 mahali pale pakapewa jina la Havasupai Gardens. Watu hao bado wapo: kijiji chao cha Supai kiko ndani ya korongo, hakina barabara, na barua zake zinapelekwa kwa nyumbu. Kwa hiyo usiwazungumzie kama watu waliopita.

Ukiamua kushuka, sikiliza maneno ya mtu anayejua mteremko. Kushuka ni hiari, kupanda ni lazima, na kupanda huchukua muda mara mbili ya kushuka. Kadiri unavyokwenda chini ndivyo joto linavyozidi, na kiangazi chini kabisa hupita nyuzi 40. Wahifadhi wanashauri usiwe njiani kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni majira hayo, na usijaribu kwenda mtoni na kurudi siku moja. Maji peke yake hayatoshi. Kula na vitu vya chumvi. Mimi naweka kanuni: tukitumia theluthi moja ya maji, tunageuka, hata kama kona inayofuata inaonekana karibu.

Yellowstone: joto, wanyama, na uongo wa zamani

Hii ndiyo hifadhi ya taifa ya kwanza duniani. Rais Ulysses S. Grant aliisaini tarehe 1 Machi 1872. Chini yake kuna volkano kubwa ambayo mlipuko wake mkuu wa mwisho ulitokea zaidi ya miaka 600,000 iliyopita, na joto lake ndilo linalorusha maji ya Old Faithful kila baada ya saa moja na nusu hivi. Karibu nusu ya chemchemi zote duniani zinazorusha maji ziko hapa.

Usibaki Old Faithful tu. Nenda Grand Prismatic uangalie rangi: buluu katikati, kisha njano, chungwa, hudhurungi. Rangi za kingo ni vijidudu hai, na kila rangi ni kundi linalostahimili kiwango chake cha joto. Mwaka 1966 Thomas Brock na mwanafunzi wake Hudson Freeze walichukua kutoka kwenye maji ya moto ya hifadhi hii bakteria waliyoipa jina *Thermus aquaticus*. Kimeng'enya chake hakiharibiki kwa joto, na ndicho kilichowezesha kipimo cha PCR. Kama uliwahi kupimwa Corona kwa PCR, ulihudumiwa na ugunduzi uliotoka kwenye maji haya. Nikiwaeleza watoto wangu jambo hili huwa natamani kila mbunge anayejadili thamani ya hifadhi alijue.

Usiondoke kwenye njia ya mbao. Ganda la ardhi kandokando ya chemchemi linaweza kuwa jembamba, na chini yake maji yanachemka. Chemchemi hizi zimejeruhi na kuua watu wengi kuliko kitu kingine chochote cha asili hifadhini. Mshike mtoto mkono. Kwa wanyama, kaa mita 23 mbali na baisani, yaani nyati wa Amerika, na elki, na mita 91 mbali na dubu na mbwa mwitu. Baisani anaonekana mzito na mpole, lakini anakimbia kuliko wewe.

Baisani hao nusura watoweke. Mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwa wamebaki kama dazeni mbili tu humu, baada ya mamilioni kuuawa kwenye nyanda. Leo ni maelfu, na asubuhi mapema bonde la Lamar utawakuta wamesimama barabarani. Zima injini usubiri. Mbwa mwitu nao walimalizwa kufikia mwaka 1926, wakarudishwa kutoka Kanada mwaka 1995 na 1996, 31 kwa jumla. Utasikia wakisema kwamba mbwa mwitu peke yao waliponya mito na miti yote. Wanasayansi wanabishana bado juu ya ukubwa wa mchango wao, kwa hiyo lipokee dai hilo kwa kiasi.

Na watu? Wageni wa zamani waliambiwa kwamba wenyeji waliogopa chemchemi na hawakukanyaga hapa. Ni uongo uliowafaa waliotaka kuwaondoa. Watukudika, tawi la Washoshoni, waliishi humu wakiwinda kondoo wa milimani. Mwaka 1877, hifadhi ikiwa na miaka mitano tu, Wanez Perce walipita katikati yake wakilikimbia jeshi. Simama Obsidian Cliff, kati ya Mammoth na Norris, uutazame mwamba mweusi wa kioo cha volkano. Wenyeji waliuchimba kwa maelfu ya miaka kutengeneza visu na mikuki, na vipande vyake vimechimbuliwa Ohio, zaidi ya kilomita 2,000 kutoka hapa. Biashara hiyo ilifanywa kwa miguu na mitumbwi.

Barabara nyingi za ndani hufungwa kwa magari ya kawaida kuanzia mapema Novemba hadi katikati ya Aprili au baadaye. Angalia kabla hujanunua tiketi ya ndege.

Wanajeshi weusi waliolinda misitu

Kabla mamlaka ya hifadhi haijaundwa, jeshi ndilo lililolinda. Mwaka 1903 hifadhi ya Sequoia, California, ilisimamiwa na Kapteni Charles Young, aliyezaliwa utumwani Kentucky mwaka 1864 na kuwa mtu mweusi wa tatu kuhitimu chuo cha kijeshi cha West Point. Yeye na askari wake weusi wa kikosi cha 9 cha wapanda farasi walimalizia barabara ya kufika Giant Forest katika kiangazi kimoja. Kwa mara ya kwanza watu wakaweza kufika kwa gari la farasi kwenye miti mikubwa kuliko yote. General Sherman, wenye kimo cha takriban mita 84, ndio mti mkubwa zaidi duniani kwa ujazo wa shina. Utafute pia mti uliopewa jina la Young.

Mlima wenye nyuso, na mwamba wenye vitambaa

Mount Rushmore, South Dakota, ni maarufu: marais wanne, kila uso mita 18, kazi iliyoongozwa na Gutzon Borglum kutoka 1927 hadi 1941. Hakuna kiingilio, unalipia maegesho. Lakini milima hiyo, Black Hills, Walakota, wenyeji wake, waliahidiwa kwa mkataba wa Fort Laramie wa mwaka 1868. Dhahabu ikaonekana mwaka 1874, na mwaka 1877 milima ikachukuliwa. Mwaka 1980 Mahakama ya Juu iliamua kwamba walipwe fidia ya zaidi ya dola milioni 100. Hawajaigusa. Inaendelea kuzaa riba, imepita dola bilioni moja, na wao wanasema ardhi haikuwa ya kuuzwa. Ukishalijua hilo, zitazame tena zile nyuso.

Ukiendelea na I-90 kuelekea Wyoming kuna Devils Tower, ambayo mataifa mengi ya wenyeji huiita Nyumba ya Dubu. Tembea kuuzunguka mwamba huo, zaidi ya mita 260 kutoka kitako hadi kilele. Kwenye miti utaona vitambaa vya rangi vimefungwa. Ni maombi ya watu. Usiviguse, na mimi huwaomba wageni wangu wasivipige hata picha. Mwezi Juni wapandaji huombwa wasipande kwa heshima ya ibada. Ni ombi, si sheria, na ninafurahi wengi wanalitii.

Alama za mijini

New York watu hukimbilia Sanamu ya Uhuru, nami sikuzuii. Zawadi ya Ufaransa, kazi ya Bartholdi, kiunzi cha ndani cha Eiffel, ikazinduliwa tarehe 28 Oktoba 1886. Tiketi halali za meli huuzwa na kampuni moja tu, Statue City Cruises. Wanaokukimbilia barabarani wapite. Jambo ambalo wengi hawalioni ni miguu yake: kuna pingu na mnyororo uliokatika. Édouard de Laboulaye, Mfaransa aliyelitoa wazo la sanamu hiyo, alikuwa mpinzani wa utumwa. Kutoka chini mnyororo hauonekani vizuri, kwa hiyo ingia kwenye makumbusho ya kisiwani uone nakala ya mguu kwa ukubwa wake halisi.

Kisha, siku hiyohiyo, tembea hadi Broadway kwenye makaburi ya Waafrika, African Burial Ground. Tafadhali usiruke hapa. Mwaka 1991 serikali ilipokuwa ikijenga jengo la ofisi, wachimbaji walikuta mifupa. Walitoa mabaki ya watu 419, na inakadiriwa kwamba Waafrika 15,000 walizikwa eneo hilo hadi miaka ya 1790, huru na watumwa, kwa sababu hawakuruhusiwa kuzikwa kwenye makaburi ya kanisa. Miongoni mwao alikuwa mwanamke aliyechongwa meno, akiwa na shanga zaidi ya mia kiunoni pamoja na kauri. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa shanga za kiunoni ni nini. Alivushwa bahari, akatumikishwa, na waliomzika wakahakikisha anakwenda nazo. Mabaki yote yalizikwa upya mwaka 2003. Kuingia ni bure.

Philadelphia, Kengele ya Uhuru nayo ni bure. Wapinga utumwa ndio walioipa jina hilo katika miaka ya 1830. Hatua chache tu kutoka hapo palisimama nyumba aliyoishi George Washington akiwa rais, pamoja na watumwa tisa. Sheria ya Pennsylvania ilimpa uhuru mtumwa aliyekaa miezi sita, kwa hiyo aliwahamisha nje ya jimbo kabla muda haujatimia. Mmoja wao, Oney Judge, alitoroka kutoka nyumba hiyo mwaka 1796 na hakukamatwa tena. Uliza hapo habari zake.

Pesa na sheria

Hifadhi kubwa kama Yellowstone na Grand Canyon hutoza dola 35 kwa gari, kwa siku saba. Kadi ya mwaka kwa mkazi wa Marekani ni dola 80. Tangu tarehe 1 Januari 2026 asiye mkazi anainunua kwa dola 250, na kama hana kadi analipa dola 100 za ziada kwa kila mtu kwenye hifadhi 11 zenye wageni wengi, zikiwemo Yellowstone, Grand Canyon, Yosemite, Zion na Everglades. Mkazi aje na kitambulisho cha serikali. Kama mjomba wako anakuja kutoka nje, piga hesabu hiyo mapema. Huenda kadi ikawa nafuu. Bei hubadilika, kwa hiyo soma ukurasa wa hifadhi husika kwenye nps.gov wiki ya safari.

Usichukue kitu. Petrified Forest, Arizona, ambako I-40 inapita katikati ya hifadhi, magogo ya zaidi ya miaka milioni 200 yamegeuka mawe yenye rangi nyekundu, njano na zambarau. Watu huiba vipande, kisha dhamiri huwasumbua wakavirudisha kwa posta pamoja na barua za kuomba radhi. Wahifadhi hawawezi kuvirudisha mahali pake, kwa kuwa hakuna ajuaye vilitoka wapi hasa, na jiwe lisilojulikana lilipolala haliwaambii wanasayansi chochote. Hurundikwa pamoja kando ya barabara ya ndani.

Na kama likizo yako ni siku moja tu, usihangaike na ndege. Aliye Atlanta aende Auburn Avenue, kwenye mtaa alikozaliwa Martin Luther King Jr.; ni bure. Aliye Chicago aende Pullman, upande wa kusini wa jiji, ambako habari ya wahudumu weusi wa treni na chama chao cha wafanyakazi chini ya A. Philip Randolph imewekwa ndani ya mji wa kiwanda uleule wa treni. Aliye Columbus, Ohio, ana bahati kuliko wote. Wilberforce ipo nyumba ya Charles Young, na Chillicothe vipo vichuguu vya udongo vya Hopewell, wenyeji wa kale, ambako kile kioo cheusi cha Yellowstone kilichimbuliwa. Thibitisha kwanza siku za kufunguliwa, ondoka alfajiri, na kwa gari unaweza kuvifikia vyote viwili kabla ya jua kutua.